Kibao cha Voi: nilivyotafuta programu ya kuandika herufi za milimita tatu

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu. Wengine mmedhani kazi imenizidi, wengine mmedhani nimeacha kompyuta nikaenda kulima. La hasha. Ukweli ni kwamba kwa miezi mitatu sasa, kila nikitoka kazini nimekuwa nikihangaika na kibao kimoja chenye urefu wa milimita 27 na nusu hivi. Kimeandikwa herufi tatu tu: VOI. Leo nawasimulia safari ya kibao hicho, maana imenifunza jambo kuhusu kuchagua programu ambalo miaka yangu yote ya kuandika msimbo haikuwa imenifunza.

Tuanze mwanzo. Mimi hupenda reli za modeli, yaani kujenga stesheni, njia na mabehewa kwa udogo, kila kitu kikipunguzwa kwa kipimo kimoja. Msicheke. Kuna watu wazima dunia nzima wanaofanya hivi, na wana vipimo vyao vinavyojulikana. Kinachotumika sana ni HO, ambacho ni 1:87. Mita moja ya kweli inakuwa milimita 11.5 mezani. Sasa reli yetu ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Ukigawanya kwa 87 unapata hiyo hiyo milimita 11.5, na njia za modeli za milimita 12 zinapatikana Ulaya, kwa sababu Waswisi nao wana reli za mita moja huko milimani kwao na wanazipenda sana. Kwa hiyo njia niliagiza. Vingine vyote ilibidi nijitengenezee, maana hakuna duka duniani linalouza stesheni ya Voi.

Kwa nini Voi? Kwa sababu ya mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mwandika vibao wa reli. Aliingia kazini 1968 akiwa kijana, wakati huo reli ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa moja. Kazi yake ilikuwa brashi na rangi: majina ya stesheni, namba za mabehewa, maonyo ya hatari, milango ya vyoo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli nayo ikagawanywa, na yeye akawa mmoja wa waliopewa kazi ya kufuta herufi EAR ubavuni mwa mabehewa na kuandika KR. Huwa anasema, "Mimi ndiye niliyevunja Jumuiya, mjomba, kwa brashi ya inchi mbili." (Yeye huniita mjomba na mimi humwita mjomba, ndivyo tulivyozoea.)

Nyumbani kwake Voi kuna picha moja ya mwaka 1974, nyeusi na nyeupe. Yuko juu ya ngazi, mkono mmoja kwenye kibao, na herufi V, O na I zimekamilika. Kibao kile kimepakwa rangi upya mara nyingi tangu siku hiyo, na mikono ya wengine. Herufi zake zimebaki kwenye picha hiyo tu. Nilipoamua kujenga stesheni ya Voi juu ya ubao wa plaiwudi wa mita 2.4 kwa sentimita 60, niliamua pia kwamba kibao kiwe chake. Mzee ana zaidi ya miaka 70 sasa. Jicho moja limefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la pili bado linangoja. Sikutaka kuchelewa.

Nikasema moyoni: mimi ni mtaalamu wa kompyuta, herufi tatu ni kazi ya dakika kumi.

Hesabu kwanza

Kibao nilikikadiria kutoka kwenye picha kwa kulinganisha na ngazi, ambayo mjomba bado anayo. Urefu wake mita 2.4, kimo sentimita 60, herufi zenye kimo cha sentimita 30. Gawanya kwa 87: kibao cha milimita 27.6 kwa 6.9, na herufi za milimita 3.45. Halafu kuna vibao vidogo vya jukwaani, kama vile HATARI USIVUKE RELI. Herufi za hivyo nilizipa sentimita 8, ambazo mezani ni milimita 0.92. Ndiyo, chini ya milimita moja.

Je, printa inaweza? Printa ya leza ya nukta 600 kwa inchi ina nukta zenye upana wa milimita 0.042. Herufi ya milimita 0.92 inapata nukta 21 au 22 kwenda juu. Unene wa mstari wa herufi, ukichukua sehemu moja ya saba ya kimo chake, ni milimita 0.13, yaani nukta tatu. Inatosha. Si nyingi, lakini inatosha. Kwa hiyo tatizo halikuwa printa. Lilikuwa mimi na programu niliyoanza nayo.

Programu ya kwanza: ile ya kuandikia barua

Nilianza na programu ambayo kila mtu anayo. Nikatengeneza jedwali la kisanduku kimoja, nikakipa upana na kimo, nikaandika VOI kwa Arial. Ukubwa gani? Pointi moja ni milimita 0.353, kwa hiyo milimita 3.45 ni pointi 9.8. Nikaweka 10, nikachapa, nikakata. Nikapima kwa kile kipimio cha mafundi kinachosoma hadi sehemu ya kumi ya milimita. Herufi zilikuwa milimita 2.5.

Nilipima mara tatu. Nikailaumu printa. Kumbe kosa ni langu: ukubwa wa fonti si kimo cha herufi! Zile pointi 10 ni kimo cha kisanduku cha kuwaziwa ambamo herufi zote hukaa, pamoja na mikia ya g na y. Herufi kubwa za Arial hujaza asilimia 71.6 tu ya kisanduku hicho, na kila fonti ina kiwango chake. Kwa hiyo ukitaka herufi kubwa yenye kimo fulani, gawanya kwanza kwa kiwango cha fonti hiyo. Kwa Arial: 9.77 gawanya kwa 0.716, unapata pointi 13.65. Nimekuwa nikichagua ukubwa wa fonti tangu nikiwa chuo, na sikuwahi kujua namba ile inapima nini. Na hata ukishajua, Word hukubali nusu pointi tu, kwa hiyo unachagua 13.5 au 14. LibreOffice ni bora kidogo, inakubali 13.7.

Lakini ubaya mkubwa ulikuja nilipopeleka faili lile kwenye saiba moja mtaani, maana printa yangu ya nyumbani ni ya wino na wino wake huvuja ukiguswa na gundi yenye maji. Kompyuta ya pale haikuwa na fonti niliyotumia safari hiyo. Haikulalamika, haikuuliza, ikaweka nyingine inayofanana kidogo. Halafu kijana wa pale akachapa huku kile kisanduku cha kuifanya picha ienee kwenye karatasi kikiwa kimewekwa alama, kikapunguza kila kitu. Nilirudi nyumbani na ukurasa mzima wa vibao, vyote vimekosewa na vyote vinapendeza. Bila kupima usingejua.

Tangu siku hiyo nina sheria mbili. Ya kwanza, siendi popote na faili la kuhaririwa. Naenda na PDF ambayo herufi zake zimegeuzwa kuwa michoro, ili zisihitaji fonti yoyote. Ya pili, kila ukurasa naweka mstari wa sentimita 10 kamili pembeni. Kabla ya kukata chochote napima mstari. Ukiwa 9.7, ukurasa wote unaingia kwenye takataka.

Programu ya pili: ya picha

Nikahamia GIMP, kwa sababu nilikuwa na picha ya 1974 niliyoiskani na nilitaka herufi za mjomba mwenyewe. Hapa lazima niwe mkweli: kwa kazi moja GIMP ilinifaa kuliko zote. Picha ilipigwa kutoka chini na pembeni, kibao kimelala kama mlango uliofunguliwa nusu. Kuna kifaa ndani ya GIMP cha kurekebisha mwelekeo: unavuta pembe nne hadi kibao kinakaa sawa kama vile umesimama mbele yake. Nilipomaliza nilikaa nikiangalia skrini. V ya mjomba ilikuwa na mguu wa kushoto mnene kuliko wa kulia. O yake ilipita kidogo juu na chini ya mstari. Nilidhani mkono ulimtetemeka.

Tatizo lilikuja kwenye kuchapa. GIMP hufanya kazi kwa pikseli. Niliweka nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo mstari wa herufi zangu ndogo ulipata pikseli moja na nusu. Nusu pikseli haipo, kwa hiyo programu inalainisha ukingo kwa rangi ya kijivu. Kwenye skrini inapendeza. Lakini printa ya leza haina kijivu! Ina nyeusi na nafasi tupu, na kijivu inakitengeneza kwa kutawanya nukta. Herufi zangu zilitoka kama zimetafunwa na mchwa. Dawa yake ni kuchora kwa nukta 600 au 1200 na kuzima kule kulainisha, lakini kila ukibadilisha ukubwa unaanza upya. Nikaona isiwe taabu.

Programu ya tatu: ya mafundi wa michoro

Halafu nikajaribu LibreCAD, programu huria ya michoro ya kihandisi. Jamani, kwa vipimo hii ni raha. Unachora kibao kwa ukubwa wake wa kweli, milimita 2400 kwa 600, na wakati wa kuchapa unaiambia uwiano ni 1:87. Basi. Hakuna kugawanya kichwani, hakuna pointi. Ukuta wa stesheni, jukwaa, nguzo, vyote nilivichora huko.

Lakini herufi zake ni za kihandisi, mstari mwembamba kama waya uliokunjwa. Nzuri kwa kuandika vipimo kwenye mchoro wa mtaro, si kwa kibao cha stesheni. Ningeweza kuchora kila herufi kwa mistari na kuijaza, lakini kuivuta O hadi ikae vizuri kulinichosha jioni nzima.

Programu ya nne, na kosa langu kubwa

Wengi wenu mlishajua nitaishia wapi. Inkscape. Programu huria ya michoro ya vekta, ilizaliwa mwaka 2003 ikichipuka kutoka programu nyingine iliyoitwa Sodipodi. Vekta maana yake haihifadhi pikseli bali maelezo: mstari kutoka hapa hadi pale, mkunjo kwa kiasi hiki. Ukikuza au ukipunguza haichakai. Inakubali milimita hadi desimali kadhaa. Na faili lake, SVG, ni maandishi tu. Mtu kama mimi anaweza kulifungua na kulisoma kama msimbo.

Nikafurahi, nikafanya haraka, nikaharibu. Nilikuwa na faili la mwaka 2015 lenye fremu za vibao nilizozichora zamani nilipoanza ndoto hii mara ya kwanza. Nikalifungua kwenye toleo jipya. Kikatokea kisanduku kikiuliza: faili hili ni la kuonyeshwa kwenye skrini, au la kuchapwa kwenye karatasi? Nikawaza: si naliona hapa kwenye skrini? Nikabofya la kwanza.

Kumbe swali lile ni zito. Matoleo ya zamani yalihesabu pikseli 90 kwa inchi. Kuanzia toleo 0.92, lililotoka Januari 2017, yanahesabu 96, ili kufuata kanuni za wavuti. Ukijibu vibaya, kila kitu kinapungua kwa asilimia 6.25. Kibao changu cha milimita 27.6 kikawa 25.9. Na mstari wangu wa sentimita 10? Niliuchora siku hiyo hiyo kwenye toleo jipya, kwa hiyo ulikuwa sahihi kabisa, ukinidanganya kwa uso mkunjufu. Nilikata, nikabandika vibao saba kwenye nguzo na kuta. Niligundua wiki iliyofuata, kibao kilipoelea katikati ya fremu yake ya mbao. Nililazimika kuvibandua kwa kisu, na ukuta mmoja ukachanika.

Siilaumu Inkscape. Iliniuliza kwa adabu. Mimi ndiye sikusoma. Sisi tunaoandika programu hulalamika kwamba watumiaji hawasomi visanduku, halafu tunafanya vile vile.

Mjomba anakuja kukagua

Vibao vipya vilipokamilika, nilipakia kipande cha stesheni kwenye boksi nikapanda treni ya SGR hadi Voi, boksi magotini, abiria wa jirani akidhani nimebeba keki. Kwenye kibao nilikuwa nimetumia Arial. Nilijiambia kwamba kwa milimita tatu hakuna atakayejua tofauti.

Mjomba alivaa miwani, akachukua na lenzi yake ya kusomea gazeti, akainama. Akakaa hivyo kwa muda.

"Mjomba, hii nani kaandika?"

"Mimi, mjomba. Kwa kompyuta."

"Nilijua. Kaandika mtu asiyejua kwamba V na O ni majirani."

Basi akanifundisha, pale pale mezani, chai ikipoa. Akasema nafasi kati ya herufi haipimwi kwa rula. V imelala, inaacha pengo juu au chini, kwa hiyo jirani yake lazima asogezwe karibu. I imesimama wima kama askari, inahitaji hewa. Ukiweka nafasi sawa kwa rula, jicho litaona si sawa. Na O? "O ukiifanya sawa na wenzake inaonekana fupi. Lazima itoke nje kidogo, juu na chini." Kwa hiyo mkono haukutetemeka mwaka 1974. Na ule mguu mnene wa V ulikuwa wa makusudi, ndivyo alivyofundishwa kushika brashi. Akaongeza kwamba herufi ndogo zinataka nafasi zaidi kuliko kubwa, la sivyo zinashikana ukiwa mbali. Hilo wachora fonti nao wanalijua; fonti nyingi nzuri zina umbo moja la maandishi madogo na jingine la vichwa vya habari. Yeye hakusoma popote. Alishuka ngazi, akaenda hadi mwisho wa jukwaa, akafumba macho nusu, akarudi akarekebisha.

"Sogeza O kidole kimoja kuelekea V," akasema.

Kidole kimoja. Alikuwa anaangalia kibao cha milimita 27 na anazungumza kuhusu kile cha mita 2.4. Nikahesabu: kidole chake ni kama milimita 17. Gawanya kwa 87. Milimita 0.2.

Na hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa natafuta muda wote. Kibao kinataka rula isiyodanganya: milimita ni milimita, kutoka kwenye faili hadi kwenye karatasi. Lakini herufi zinataka jicho. LibreCAD ilinipa rula ikaninyima jicho. GIMP ilinipa jicho ikaharibu rula. Programu ya barua iliniambia inapima kumbe inakisia. Programu inayofaa ni ile inayoshika rula kimya kimya na kukuacha usogeze O kidole kimoja. Kwenye Inkscape unaweka kishale kati ya herufi mbili, unashika Alt na kubonyeza mshale wa kushoto. Herufi inasogea kidogo, unaangalia, unasogeza tena. Mjomba angeielewa kwa dakika moja.

Herufi 15

Nikamwomba aniandikie. Nilitaka si Voi tu bali na stesheni zinazofuata kuelekea Nairobi ambazo nina ndoto ya kuzijenga: Tsavo, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu. Nilihesabu, majina yote matano yanahitaji herufi 15 tofauti. Akaziandika kwa brashi na rangi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, moja kwa kila karatasi, kwa siku mbili, kwa sababu jicho linachoka. W aliirudia mara nne. Sikumsaidia chochote ila kushika kopo.

Nairobi nilizipitisha kwenye skana, na kifaa cha Inkscape cha kufuatisha picha kikazigeuza kuwa vekta. Ushauri kwa atakayejaribu: baada ya kufuatisha, futa vipele vidogo vinavyotokana na karatasi, lakini usilainishe mno. Mara ya kwanza nililainisha hadi ule mguu mnene wa V ukapotea, nikawa nimerudi kwenye Arial kwa njia ndefu.

Halafu, kama mjuavyo, nikaingiwa na shetani la wenye kazi hii. Kwa nini nipange kwa mkono? SVG ni maandishi. Nikaandika programu ndogo ya Python: inasoma orodha ya majina, inachukua herufi, inazipanga, inatoa ukurasa wa vibao. Ikawa na mistari 40. Halafu nikataka iwe na madirisha. Halafu nikataka watu wengine waitumie, ichague uwiano, ichague nchi. Wiki mbili zikapita. Mke wangu akachungulia chumbani akauliza, "Ile stesheni yako imeshapata jina?" Haikuwa imepata. Nilikuwa na programu ya kutengeneza vibao na sikuwa na kibao.

Nikafuta madirisha yote. Nikabakiza ile mistari 40, na jedwali dogo la majirani: V na O, punguza 0.2; O na I, ongeza 0.1, T na S, punguza kidogo, na kadhalika, mengi yakiwa yametoka mdomoni mwa mjomba kwa vidole na nusu vidole. Fonti nyingi zina jedwali kama hilo ndani yake. La kwangu linapimwa kwa kidole.

Mambo machache kwa atakayejaribu

Chapa kwa leza kama unaweza, kwenye karatasi nzito isiyong'aa. Printa za kawaida hazina wino mweupe, kwa hiyo kibao cha herufi nyeupe juu ya buluu kinachorwa kwa kupaka buluu na kuiacha karatasi iwe herufi. Hapo ongeza unene wa herufi kidogo maana rangi huzila pembeni. Kata kwa kisu kipya na rula ya chuma, usitumie mkasi. Ukishakata, pitisha kalamu ya wino wa kijivu kwenye ukingo, kwa sababu ule mstari mweupe wa karatasi ndio unaosema kwa sauti kwamba hiki ni karatasi. Na mstari wa sentimita 10 uchore ndani ya faili lile lile, siku ile ile ulipochora vibao, usije ukadanganywa kama mimi.

Mwezi uliopita nilirudi Voi na boksi langu. Safari hii kibao kilikuwa na V yenye mguu mnene na O inayotoka nje ya mstari. Mjomba akainama na lenzi. Mimi nikashika pumzi. Sikujua nangoja nini. Labda atasifu, labda atakumbuka ile ngazi na mwaka 1974.

Akanyoosha mgongo, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"O na I," akasema. "Punguza nusu kidole."

Nilicheka hadi shangazi akatoka jikoni. Mara ya kwanza aliniuliza nani kaandika. Safari hii hakuuliza. Alinirekebisha kama anavyomrekebisha mwanafunzi wake, au kama alivyokuwa akijirekebisha mwenyewe aliporudi kutoka mwisho wa jukwaa.

Nusu kidole ni milimita 0.1, nukta mbili na kidogo za printa. Jana usiku nilifungua lile jedwali, kwenye O na I nikaandika sifuri badala ya 0.1, nikachapa upya. Nimepima mstari: sentimita 10 kamili. Leo jioni nakata.